Picha za kistudio ufukweni Bagamoyo: jua, flashi na ule mstari mweusi

Kuna ombi nalipata karibu kila msimu wa harusi. Mtu ananipigia kutoka Dar, "Kaka, tunakuja Bagamoyo Jumamosi, tunataka picha kama za studio lakini nje, nyuma ionekane bahari na jua linazama majini." Namjibu, dada yangu, picha utapata, bahari utapata, ila jua la kuzama majini hapa hamna, hilo ulifuate Kigoma. Bagamoyo bahari iko mashariki, jua linachomoza majini asubuhi na jioni linaenda kujificha huko nyuma ya mji, upande wa Msata. Anacheka, anasema sawa kaka nimeelewa, halafu Jumamosi anatokea saa kumi na mbili kasoro jioni.

Sasa wapo wadogo zangu wanaojifunza kamera, hao nao wana swali lao, ninunue flashi gani nipate picha kama za studio nikiwa nje. Na mi huwa nawarudishia swali, kwanza niambie studio ni nini? Wanataja taa, bakgraundi, softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga. Mi nasema studio ni giza. Chumba cha studio ukizima taa hamna picha, ukiwasha moja unajua kila mwanga umetoka wapi na kila kivuli kimeangukia wapi, yani kila kinachoonekana umekiruhusu wewe. Nje taa imeshawashwa kabla hujafika, swichi yake huna, inatembea, na wingu likipita inabadilika mtu akiwa katikati ya pozi. Kwa hiyo ukitoka nje na flashi yako unachotafuta ni giza, la kutosha tu ili taa yako ndogo ionekane ndo bosi. Ukishika hilo, haya mengine yote yanayochanganya watu, sinki spidi, HSS, filta za ND, mambo ya wati, yanakaa sawa, manake zote ni njia za kununua giza na kila njia ina bei yake.

Tuanze na kamera. Ukipiga flashi mchana unapiga picha mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya jua: anga, maji, mchanga, ngalawa zilizolala kule. Ya pili ni ya flashi: uso wa mtu na nguo zake upande ule taa ilipo. Zinalala kwenye fremu moja ila hazisikii amri moja. Shata, yani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, inaigusa ile ya jua peke yake, kwa sababu flashi ikipasuka inamaliza shughuli yake mapema mno, mara nyingi ni chini ya moja ya elfu ya sekunde, sasa shata ikae wazi 1/60 au 1/200 flashi haina habari, ishapita. Tundu la lenzi linazibana zote mbili. ISO, yani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nayo inazigusa zote mbili. Kwa hiyo ukitaka anga likolee na uso ung'ae unapandisha shata, yani ifunge upesi zaidi, jua linashuka, flashi inabaki palepale. Ingekuwa imeishia hapo kila mtu angekuwa fundi.

Harusi yangu ya kwanza kubwa nilipiga hapahapa ufukweni, saa saba mchana, bwana harusi na ndugu zake sita, wanaume watupu, wote kanzu nyeupe. Sinki ya kamera yangu, yani kikomo cha shata ukitumia flashi, ilikuwa 1/200. Nikaona anga limekuwa jeupe kama karatasi, nikapandisha shata mpaka 1/400, trigga yangu ya bei chee, kile kidude cha kuipa flashi amri kwa mbali, wala haikunizuia. Kwenye kioo cha kamera sioni vizuri kwa jua, nikaona nyuso zimewaka, nikaendelea kufyatua huku najipongeza. Usiku nafungua kompyuta, kila picha ina mstari katikati. Juu ya mstari vichwa na vifua vinang'aa, chini ya mstari kanzu zimekuwa za kijivu, za majivu kabisa, kama watu saba wamesimama kwenye maji machafu. Baba yao alipozipokea alizitazama muda mrefu, mzee mpole yule, akasema tu, "Kijana, mbona wanangu wamezama kiunoni?"

Kilichotokea ni hiki. Shata ya kamera nyingi ni mapazia mawili. La kwanza linakimbia kufungua, la pili linafuata kufunga. Ukiwa taratibu kuna kipande cha muda ambapo la kwanza limeshamaliza na la pili halijaanza, sensa, yani kile kibao cha ndani kinachopokea picha, yote iko wazi, na hapo ndo flashi inapasuka. Ukivuka kikomo, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250 hivi, pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, sensa haiwi wazi yote hata mara moja, kinachopita mbele yake ni ufa, na flashi ikipasuka inakuta sehemu imeshafunikwa. Mi nilienda mara mbili ya kikomo nikapata nusu ya picha. Hicho kikomo ndo wanaita sinki spidi.

Sasa chukua kalamu maana hapa kuna hesabu kidogo. Kanuni ya mafundi wa enzi za filamu inasema jua likiwa kali na anga halina wingu, weka tundu f/16 (namba ikikua tundu linakuwa dogo) na shata iwe moja chini ya ISO, yani ISO 100 unapiga 1/100. Ukipandisha shata mpaka 1/200 tundu unalifungua mpaka f/11, ni kitu kilekile. Hapo picha ya jua ni ya kawaida tu. Wewe unataka anga likolee stopu moja, yani mwanga upungue nusu, shata imefika ukingoni, inabidi ubane tundu mpaka f/16. Na tundu si nimesema linazibana zote mbili? Hapo ndo flashi inaanza kulia. Flashi yangu ndogo, ile ya kukaa juu ya kamera, ikiwa fulu ndani ya softiboksi yenye vitambaa viwili, mita mbili kutoka kwa mtu naambulia kama f/8. Nahitaji f/16. Tofauti ni stopu mbili, na stopu mbili manake nguvu mara nne.

Nguvu mara nne unaweza kuinunua. Flashi ndogo ina wati-sekunde, kipimo cha nguvu ya flashi, 60 mpaka 75 hivi, ukienda kwenye zile za betri za 200 kama Godox AD200 umepanda karibu mara tatu, za 600 ndo unafika mara nane na ushee, ila bei nayo inapanda, uzito unapanda, na bodaboda ni ileile. Au unasogea. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, ukikata umbali nusu nguvu inakuwa mara nne, kwa hiyo kutoka mita mbili mpaka mita moja ile f/8 imekuwa f/16, bure, hatua moja na nusu ya mguu. Mtu akinilalamikia flashi yake haina nguvu mi naangalia kwanza imesimama wapi, na nakuta iko kule mbali kwa sababu anaogopa isiingie kwenye fremu. Iache iingie! Kamera iweke kwenye tripodi, piga na stendi ikiwa ndani, halafu mtu akae hivyohivyo utoe stendi upige tena anga tupu, nyumbani unaziunganisha kwa dakika mbili. Anga halina mistari ya kukusumbua.

Na ukaribu una zawadi nyingine ambayo watu hawaioni. Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa taa kwa jinsi uso unavyoiona, wala si ukubwa wake dukani. Jua lenyewe lina upana wa kilomita milioni 1.39, hakuna softiboksi ya kulifikia, lakini liko kilomita milioni 150 huko, likifika Bagamoyo linaonekana kitu kidogo, nusu digrii tu angani, ukinyoosha mkono kidole cha mwisho kinalifunika na kubaki. Ndo maana kivuli chake kina makali kama wembe na mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Softiboksi ya sentimita 90 ukiiweka mita moja kutoka usoni ni dude kubwa, inazunguka shavu. Ukiirudisha mita nne inageuka kijijua kingine. Kwa hiyo ukisogea umepata nguvu na ulaini kwa mara moja, na mi nashangaa mtu anayeenda kukopa hela ya flashi kubwa kabla hajasogeza stendi.

HSS sasa, yani high-speed sync, flashi kufanya kazi juu ya kile kikomo cha sinki. Hii ndo inauzwa sana na inaeleweka kidogo. Flashi badala ya kupasuka mara moja inapepesa mara nyingi mfululizo muda wote ule ufa unapita, kila sehemu ya sensa inapata fungu lake, mstari mweusi unaondoka, unaweza kupiga 1/2000 mchana kweupe. Watu wanaona hapo wamelishinda jua. Hawajalishinda. Nguvu ileile imegawanywa vipandevipande, unapoteza kama stopu mbili papo hapo, na kuanzia hapo kila ukipandisha shata flashi inashuka pamoja na jua kwa sababu sasa inafanya kazi kama taa inayowaka moja kwa moja, ile faida ya shata kulibana jua peke yake imekufa. Unachopata kwa HSS ni tundu wazi, f/2.8, f/2, ngalawa za nyuma ziyeyuke zibaki rangi. Ni kitu kizuri, mi nakipenda, ila ujue umelipia nini.

Filta ya ND inakupeleka palepale kwa njia nyingine. Ni miwani ya jua ya lenzi. Ile ya stopu tatu inakutoa f/11 mpaka f/4 ukiwa bado 1/200, inabana jua na flashi sawasawa, lakini flashi inapasuka mara moja kwa nguvu zake zote, haigawanywi. Bei yake ni kwamba zile za rahisi zinaleta rangi ya kahawia ambayo utakesha nayo ukiediti, na nyingine nzito kamera inahangaika kupata fokasi. Mi maharusi waliosimama nawapiga na ND. Watoto HSS, manake mtoto wa miaka minne kwenye mchanga 1/200 haimshiki.

Halafu upepo. Hili vijana wa studio za ndani hawalijui kabisa. Nilikuwa na oktaboksi, softiboksi ya pembe nane, ya sentimita 120, mpya, msimu wa kusi, saa tisa alasiri, nimeipandisha juu kabisa najiona fundi. Pembeni kuna mzee mmoja mvuvi anashona wavu, kaninyamazia muda, halafu akasema, "Mwanangu, tanga umelitweka, nanga yake iko wapi?" Sijamjibu, stendi ikaondoka. Haikuanguka hivihivi, ilitembea kwanza, hatua tatu nne kwa mguu mmoja kama mlevi, ikapiga uso kwenye mchanga na taa ikiwa ndani. Mzee akaja na jiwe lenye kamba, nanga ya ngalawa yake, akafunga kwenye mguu wa stendi kwa fundo ambalo nilishindwa kulifungua jioni. Tangu siku hiyo kwenye begi langu kuna viroba vitupu vinne, nikifika najaza mchanga palepale, viwili kwa kila stendi, uzito sibebi. Kingine nilichojifunza kwake, softiboksi usiikabidhi upepo kifua, igeuze upepo upite ubavuni, na kama mtu ndo lazima asimame upande huo basi mpe dogo ashike kwa mkono, dogo ana akili, stendi haina. Asubuhi kabla ya saa tatu mara nyingi kumetulia, upepo wa bahari unakuja kuamka baadaye.

Mpaka hapa nimeongelea giza la kununua. La bure lipo, na Bagamoyo imejaliwa. Angalia ramani ya mji: majengo ya kale yamejipanga na ufukwe, bahari mashariki. Jua likishavuka utosi, kuanzia saa nane hivi, kuta za upande wa baharini zinaingia kivulini, na mbele ya ukuta kuna anga lote la bahari, kubwa, tupu, linammulika mtu kwa upole. Hiyo ni softiboksi ya kilomita. Simamisha mtu mgongo kwa ukuta uso baharini, flashi iweke upande mmoja kwa nguvu ndogo tu kuchonga shavu, basi, umefanya kazi ya studio na betri inabaki. Mchanga mweupe unarudisha mwanga chini ya kidevu bila rifulekta. Kule kwenye miembe ya Misheni ya Wakatoliki, misheni iliyoanza mwaka 1868, kivuli kipo kizito lakini majani yanapaka watu kijani, shemeji anaonekana anaumwa, mi naingia pale na flashi karibu ili imalize kijani au siingii. Magofu ya Kaole yana mawe ya kijivu mazuri sana kwa bakgraundi. Na popote pa kale uliza wenyewe kabla hujasimamisha stendi, usisubiri kufukuzwa mbele ya mteja.

Bakgraundi ya kweli ya studio nayo naibeba, na wala si ya dukani. Kaniki. Doti ya kaniki iliyoshonwa pamoja, haing'ai, inakunywa mwanga, ukiitundika kivulini na mtu akasogea mbele mita moja na nusu inakuwa nyeusi ti. Na mtu asinicheke, maana mpiga picha Seydou Keïta pale Bamako, Mali, alifungua studio mwaka 1948 akawa anapiga uani kwake kwa mwanga wa mchana, kitambaa cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka lake la kitandani, na leo picha zile zinaning'inia makumbusho za dunia. Mpiga picha wa Marekani Richard Avedon kati ya 1979 na 1984 alizunguka magharibi ya Marekani na karatasi nyeupe, anaibandika upande wa kivuli cha jengo, anasimamisha mchimba madini au mtu wa barabarani, hana taa hata moja. Wote wawili walitafuta kivuli kwanza.

Siku mbaya zaidi kwangu ni mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena karibu na tarehe 10 mwezi wa kumi, hapo jua linapita juu ya Bagamoyo moja kwa moja, kati ya saa sita na saa saba kivuli chako umekikanyaga, hakuna ukuta wa kukuficha. Siku hizo mchana mi nakula.

Kuhusu kanzu na ngozi, kwa sababu hili ndo lilinitesa kuliko hata mstari. Weka wanaume saba wenye kanzu nyeupe mbele ya kamera iliyo otomatiki, inaona weupe umezidi, inapunguza, kanzu zinakuwa sawa lakini nyuso zinapotea. Ukiongeza ili upate nyuso, darizi ya kifuani inaungua, inakuwa karatasi. Dawa yake ni kugeuza softiboksi kidogo ielekee juu na mbele ya nyuso, ile pembe yake tu ndo iguse kanzu, hapo uso unapata kingi nguo inapata kidogo. Na kanzu yenyewe inarudisha mwanga usoni, usiongeze rifulekta tena. Ngozi nyeusi haihitaji kupigwa na flashi mpaka iwe nyeupe, sijui nani aliwafundisha watu hivyo, inahitaji kitu kikubwa cha kuakisi, ndo unaona ule mng'ao mpana laini kwenye paji na shavu, wakati taa ndogo inaacha vidoa kama mafuta ya kukaangia. Tishu mfukoni pia inasaidia kuliko programu yoyote.

Rangi nitasema kwa ufupi. Flashi ni nyeupe ya mchana, kama 5500 kelvini, jua likiwa chini linashuka mpaka 3000 na kitu, ukizichanganya bila kufikiri mtu anaonekana amekatwa kutoka picha nyingine akabandikwa. Karatasi ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, imeisha. Na wale wa jua kuzama siwafukuzi, jua likishajificha upande wa Msata anga la baharini linakuwa bluu na waridi kwa dakika chache, kama 15 hivi, giza limekuja lenyewe, flashi ndogo kabisa inatosha. Ila dakika 15 ni 15, bi harusi awe ameshavaa viatu. Ukirudi nyumbani pitisha kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kwenye stendi na trigga, chumvi inakula skrubu kimyakimya.

Yule baba wa kanzu alinirudia, mtoto wake wa mwisho alikuwa anaoa. Nikamwambia mzee, safari hii saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya ndoa, akaguna lakini akawaleta wote saba. Jua lilikuwa limetoka majini punde, nikawasimamisha walipe jua mgongo, likawachora mabega na kofia kwa mstari wa dhahabu, nyuso zikabaki kwenye kivuli chao wenyewe, softiboksi karibu upande wa kushoto na viroba viwili vya mchanga, kamera 1/200, sijaigusa tena. Mzee akaniomba aone. Nikamkingia kioo kwa kofia yangu. Hakuangalia anga wala nyuso, alisogeza kidole mpaka chini kabisa ya picha, kwenye pindo za kanzu, akaanza kuhesabu miguu. Ikafika kumi na nne.